Elimu kwa Umma: Chipu ya Redio Ndani ya Simu, Changamoto Zake na Nafasi ya Vijana wa Nyeri

Mkaazi wa Othaya, Karatina au Mukurwe-ini anapotuma pesa kwa simu, ujumbe wake hauanzi safari kwa waya. Hugeuzwa kuwa mawimbi ya redio, yakapita hewani hadi kwenye mnara ulio karibu, na jibu likarudi kwa njia iyo hiyo. Kazi hiyo hufanywa na chipu ya redio, kipande cha silikoni ambacho mara nyingi hakizidi ukubwa wa ukucha. Chipu za aina hii zimo pia katika vifaa vya WiFi, mita za maji zinazosomwa kutoka mbali, funguo za magari na rada za magari ya kisasa.

Jambo hili linawahusu wakaazi wa Nyeri kwa namna ya pekee. Katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, ndani ya kaunti hii, kuna kampuni ya Semiconductor Technologies Limited inayojihusisha na utengenezaji wa semikondakta, yaani malighafi na vifaa vinavyozaa chipu. Mwaka 2024 serikali ya Marekani ilitangaza ushirikiano na Kenya kuhusu sekta hii, chini ya sheria yake ya chipu ya mwaka 2022. Tangu hapo wazazi na vijana wamekuwa na swali moja: je, kazi hii ina nafasi ya kweli kwa watu wa hapa, au ni habari ya mataifa makubwa tu? Ili kulijibu, ni lazima kwanza kuelewa kazi yenyewe na ugumu wake.

CHIPU YA REDIO HUFANYA NINI?

Chipu ya kompyuta hushughulika na hali mbili pekee, sifuri na moja, kama swichi ya stima ambayo ama imewashwa ama imezimwa. Chipu ya redio haina bahati hiyo. Hushughulika na mawimbi yanayopanda na kushuka mamilioni au mabilioni ya mara kwa sekunde, na kila badiliko dogo la wimbi hubeba maana. Kazi zake kuu ni nne:

1. Kupokea ishara dhaifu kutoka kwenye antena na kuikuza bila kuiongezea kelele.
2. Kuchagua masafa yanayotakiwa na kuyakataa mengine yote.
3. Kuzalisha wimbi lake lenyewe lililo thabiti, ambalo hutumika kama kipimo cha kulinganishia.
4. Kukuza ishara inayotoka ili iwe na nguvu ya kufika kwenye mnara.

Ugumu wa kazi hii huonekana katika tarakimu. Simu ya kawaida ya 4G hutuma kwa nguvu isiyozidi takribani miliwati 200. Lakini ishara inayoipokea ikiwa mbali na mnara inaweza kuwa sehemu moja tu ya trilioni kumi ya wati moja. Kinachotoka kinaweza kuwa na nguvu mara trilioni mbili ya kinachoingia, na vyote viwili hupita kwenye kifaa kimoja, pengine kwenye antena moja, kwa wakati mmoja. Ni sawa na mtu anayepaza sauti katikati ya soko la Karatina, na huku akipaza, anataka asikie mnong'ono wa mtu aliye Kiganjo.

KWA NINI SILIKONI?

Transista ya kwanza ilitengenezwa mwaka 1947 katika maabara za Bell nchini Marekani. Miaka ya 1958 na 1959, Jack Kilby na Robert Noyce, kila mmoja kwa njia yake, walionyesha jinsi ya kuweka sakiti nzima kwenye kipande kimoja. Silikoni ikashinda malighafi nyingine kwa sababu ni nyingi: ni zaidi ya robo ya uzito wa gamba la juu la dunia. Pia huota tabaka zuri la kihami juu yake inapopashwa moto penye hewa ya oksijeni.

Hata hivyo, kwa miaka mingi wahandisi waliamini kwamba silikoni ya kawaida, ile ya chipu za kompyuta inayoitwa CMOS, haiwezi kazi ya redio. Simu za mwanzo zilitumia vipande vingi tofauti, baadhi vikiwa vya galiamu asenidi, malighafi ambayo elektroni hupita ndani yake kwa kasi zaidi. Katika miaka ya 1990, watafiti wa vyuo vikuu vya California, akiwemo Profesa Asad Abidi wa UCLA, walionyesha kwamba CMOS inaweza kubeba redio ikiwa sakiti itabuniwa kwa ustadi. Hapo ndipo bei iliposhuka. Redio na kompyuta ziliweza kukaa kwenye chipu moja, na WiFi na Bluetooth zikaenea hadi kwenye vifaa vya bei nafuu.

CHANGAMOTO ZA USANIFU NA UTENGENEZAJI

Mafanikio hayo hayakuondoa matatizo. Kuna sita ambayo wahandisi bado wanapambana nayo.

Ya kwanza ni volti ndogo. Kadiri transista inavyopunguzwa ukubwa, ndivyo inavyoweza kuhimili volti chache zaidi kabla ya kuharibika. Transista ndogo za leo hufanya kazi kwa volti moja hivi au chini yake. Kwa kompyuta hiyo ni faida, kwa kuwa betri hudumu. Kwa redio ni mkosi. Wimbi lenye kimo cha volti moja kwenye antena ya kawaida ya omu 50 hutoa miliwati 10 tu. Ili kupata miliwati 200 kwenye antena hiyo hiyo, wimbi linahitaji kimo cha takribani volti nne na nusu, ambacho kingeunguza transista hizo. Ndiyo sababu katika simu nyingi kipaza nguvu cha mwisho bado ni cha galiamu asenidi, na katika minara mingi ya kisasa ni cha galiamu nitridi. Transista zenye kasi huvumilia volti chache, na zenye kuvumilia volti nyingi hukosa kasi. Mhandisi Johnson alieleza mpaka huo mwaka 1965, na kila malighafi ina mpaka wake.

Ya pili ni uvujaji wa ishara. Silikoni ya kawaida iliyo chini ya sakiti hupitisha umeme kiasi. Ishara ya redio huvuja humo kama maji kwenye mfereji wa udongo usiosakafiwa, na mengine hupotea kama joto. Wanaoumia zaidi ni koili, zile nyaya za mzunguko zinazosaidia kuchagua masafa. Mbaya zaidi, sehemu ya kompyuta iliyo kwenye chipu hiyo hiyo huwashwa na kuzimwa mamilioni ya mara, na kelele zake husafiri kwenye silikoni hadi kwenye sehemu nyeti ya kupokea.

Ya tatu ni koili zisizopungua. Transista zimekuwa zikipungua ukubwa kwa miongo mingi, lakini ukubwa wa koili huamuliwa na masafa ya wimbi, na teknolojia mpya ya kiwanda haiubadilishi. Koili moja ya masafa ya simu inaweza kukalia eneo ambalo lingetosha maelfu ya transista. Kwa hiyo kuhamia kwenye teknolojia ndogo na ghali zaidi hakupunguzi gharama ya redio kama kunavyopunguza gharama ya kompyuta.

Ya nne ni msongamano wa masafa. Simu ya hali ya juu hutumia zaidi ya bendi 30 za masafa, kwa kuwa kila nchi na kila kizazi cha mtandao kina zake. Kila bendi huhitaji kichujio kinachokubali jirani mmoja na kumfungia mlango mwingine aliye karibu sana. Vichujio bora hutumia mitetemo ya kioo maalum, na silikoni ya kawaida haijaweza kuvifikia. Hivyo simu moja hubeba vichujio vingi vidogo pembeni ya chipu kuu.

Ya tano ni masafa ya juu. Masafa ya chini yamejaa, kwa hiyo mitandao inapanda juu. Wimbi la gigahezi 3.5, linalotumika sana katika 5G, lina urefu wa sentimita 8.6 hivi. Wimbi la gigahezi 28 lina urefu wa sentimita moja tu. Kwa antena sahili zenye umbo moja, kupanda kutoka 3.5 hadi 28 hupunguza nguvu inayopokelewa mara 64 kwa umbali ule ule. Kuta, majani na mvua kubwa huipunguza zaidi. Kwa kaunti yenye mabonde, misitu na mvua za Aberdare na Mlima Kenya, hilo lina maana ya moja kwa moja: masafa hayo ya juu sana yanafaa mjini, uwanjani na sokoni, lakini vijiji vitaendelea kutegemea masafa ya chini yanayofika mbali.

Ya sita ni gharama ya kukosea. Chipu huchapwa kwa kutumia vioo maalum vya michoro, tabaka juu ya tabaka. Kwa teknolojia za kisasa kabisa, seti moja ya vioo hivyo hugharimu mamilioni ya dola, na kiwanda huchukua miezi kadhaa kurudisha chipu iliyokamilika. Katika redio, hata waya mfupi wa kuunganisha hufanya kazi kama koili ndogo, na hesabu ya kompyuta isipouona, chipu hurudi ikiwa imekosa masafa yake. Kazi huanza upya. Kuipima chipu pia ni kazi ngumu, kwani mashine za kupima masafa ya juu ni ghali na huhitaji mikono iliyozoea.

NJIA ZINAZOFUATWA SASA

Wahandisi hawajakaa kimya. Njia tano zinatia matumaini.

Njia ya kwanza ni kubadilisha sakafu. Badala ya kujenga sakiti moja kwa moja juu ya silikoni inayovujisha, viwanda hutandaza silikoni nyembamba juu ya kihami, huku sakafu ya chini ikiwa ya silikoni isiyopitisha umeme kwa urahisi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Louvain nchini Ubelgiji, wakishirikiana na kampuni ya Soitec ya Ufaransa, waliongeza tabaka linalonasa elektroni zinazozurura. Leo swichi za antena katika simu nyingi sana duniani hujengwa juu ya sahani za aina hiyo.

Njia ya pili ni kuchanganya silikoni na jermaniamu. Mchanganyiko huo huongeza kasi ya transista bila kuacha mitambo ya kawaida ya silikoni. Taasisi ya IHP iliyoko Frankfurt (Oder), Ujerumani, imeonyesha transista za aina hii zinazoweza kukuza mawimbi hadi takribani gigahezi 700.

Njia ya tatu ni kuunganisha malighafi tofauti ndani ya kifurushi kimoja: galiamu nitridi kwa nguvu, silikoni kwa akili, na vichujio pembeni. Kila malighafi hufanya inachoweza vizuri. Ugumu hapa ni joto, kwani vipande vilivyobanana hupashana moto, na ugavi wa malighafi. China huzalisha karibu galiamu ghafi yote ya dunia, na mwezi Agosti 2023 ilianza kudai leseni kwa wauzaji wa galiamu na jermaniamu nje ya nchi.

Njia ya nne ni antena nyingi ndogo. Kwa kuwa wimbi la gigahezi 28 ni fupi, antena 64 huweza kutoshea kwenye eneo la mraba wa takribani sentimita nne kila upande. Chipu huzipa antena hizo ishara zilizochelewana kidogo kidogo, na nguvu yote ikaelekea upande mmoja kama mwanga wa tochi. Hivyo kila kipaza nguvu kinaweza kuwa kidogo, na tatizo la volti ndogo hupungua. Mbinu kama hii hutumika pia katika rada za magari za gigahezi 76 hadi 81.

Njia ya tano ni kuisaidia redio kwa hesabu. Programu ndani ya chipu huweza kujua mapema jinsi kipaza nguvu kitakavyoipinda ishara, ikaipinda kinyume kabla haijafika hapo, ili itoke ikiwa imenyooka. Akili unde nayo imeingia kwenye usanifu. Mwishoni mwa mwaka 2024, watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton nchini Marekani na wa IIT Madras nchini India walichapisha kazi inayoonyesha kompyuta ikibuni maumbo ya sakiti za redio ambayo mhandisi asingeyafikiria. Bado binadamu anahitajika kukagua, kwa sababu mashine hutoa pia maumbo yasiyofanya kazi.

Mbele zaidi kuna 6G. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, lilikubali mfumo wake wa jumla mwaka 2023. Utafiti unatazama masafa ya zaidi ya gigahezi 100, ambako changamoto zote zilizotajwa hapo juu huwa kali zaidi.

KUNA NAFASI GANI KWA NYERI?

Habari njema iko katika changamoto ya tatu. Chipu za kompyuta na za akili unde hushindania teknolojia ndogo kabisa, ambayo kiwanda chake kimoja hugharimu zaidi ya dola bilioni 10 na hutumia mitambo inayotengenezwa na kampuni moja tu duniani, ASML ya Uholanzi. Redio haiko hivyo. Swichi, rada na vifaa vya kupima hutengenezwa kwa teknolojia za nanomita 130, 65 au 45, zilizoanza kutumika miaka mingi iliyopita. Katika redio, kidogo zaidi si lazima kiwe bora zaidi. Mlango huu ni mpana kidogo kwa nchi inayoanza.

Hata hivyo, mlango mpana si nyumba. Kiwanda cha chipu huhitaji mambo matatu yanayowahusu wakaazi wote.

La kwanza ni maji. Sahani za silikoni huoshwa mara nyingi kwa maji yaliyosafishwa kupita kiasi. Mwaka 2021 Taiwan ilipatwa na ukame mkali, na viwanda vya chipu vikalazimika kununua maji ya malori. Nyeri imebarikiwa na mito inayotoka milimani, lakini mito hiyo hunywesha pia mashamba na miji ya chini. Kutunza misitu ya Aberdare na Mlima Kenya ni sehemu ya kujitayarisha kwa viwanda vya aina hii.

La pili ni stima isiyokatika. Mwezi Februari 2021 baridi kali ilikata umeme huko Texas, Marekani, na viwanda vya chipu vya Austin vikasimama kwa wiki kadhaa. Kukatika kwa umeme kwa muda mfupi tu kunaweza kuharibu sahani zilizo katikati ya kazi. Kenya hupata takribani asilimia 90 ya umeme wake kutoka vyanzo safi kama mvuke wa ardhini, maji na upepo. Hilo ni sifa nzuri, lakini kiwanda huuliza kwanza kama umeme utakuwepo saa nane usiku.

La tatu ni watu. Usanifu ndio njia ya kuanza kwa mtaji mdogo. Mwaka 2020 kampuni za Google na SkyWater zilifungua kwa umma kanuni za usanifu za teknolojia ya nanomita 130, na IHP imefungua zake za silikoni na jermaniamu kwa ajili ya redio. Programu za kuchora na kujaribu sakiti, kama vile ngspice, KLayout na Xschem, hupatikana bila malipo. Mwanafunzi mwenye kompyuta ya kawaida, intaneti na mwalimu anaweza kubuni kipaza mawimbi kamili. Kinachobaki kuwa kigumu ni gharama ya kukichapa kiwandani na vifaa vya kukipima.

USHAURI KWA WAKAAZI

Kwa wanafunzi: anayechagua mkondo wa STEM katika sekondari ya juu aipe hisabati na fizikia uzito, hasa mada za mawimbi na umeme. Kemia nayo ni muhimu kwa wanaotaka kazi ya kiwandani, kwa sababu utengenezaji wa chipu ni kemia kwa sehemu kubwa.

Kwa wanaosomea ufundi: si kila kazi ya sekta hii huhitaji digrii. Kiwanda huhitaji mafundi wa umeme, mabomba ya gesi na maji, mitambo ya hewa safi na vipimo. Fundi anayejua kuuza vipande vidogo kwa risasi na kusoma mchoro wa sakiti tayari ana msingi.

Kwa wanunuzi wa vifaa: simu na vifaa vingine vya redio vinavyoingizwa nchini vinapaswa kuidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Kifaa kisichoidhinishwa kinaweza kutuma mawimbi nje ya masafa yake na kuvuruga mawasiliano ya wengine. Kabla ya kununua simu ya 5G kwa bei ya juu, mkaazi aulize kwanza kama eneo lake limefikiwa na mtandao huo.

Kwa kila nyumba: simu mbovu isitupwe shimoni wala kuchomwa pamoja na taka. Ndani yake mna dhahabu, shaba na galiamu kwa kiasi kidogo, pamoja na sumu zinazoweza kufika kwenye maji. Ipelekwe kwa wakusanyaji wa taka za kielektroniki walioidhinishwa na NEMA.

MASWALI YA MAJADILIANO KWA SHULE NA VIKUNDI VYA VIJANA

1. Kwa nini kupunguza ukubwa wa transista huifaidi kompyuta lakini huweza kuiumiza redio?
2. Ni masafa yapi yanafaa zaidi kwa kijiji kilicho bondeni, ya juu au ya chini? Toeni sababu.
3. Kiwanda cha chipu kikihitaji maji mengi, ni makubaliano gani yanapaswa kufanywa kwanza na wakulima wanaotumia mto huo huo?
4. Ikiwa kikundi chenu kingepewa nafasi ya kubuni chipu moja ya redio kwa matumizi ya kaunti hii, kingechagua kazi gani: kupima maji, kufuatilia hali ya hewa kwenye mashamba ya chai na kahawa, au nyingine?